Pepo Huulizwa Atakalo: Saikolojia na Uumbaji wa Wahusika katika Fasihi na Jukwaa la Kiswahili

Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili limeota dai moja ambalo sasa huchukuliwa kana kwamba halihitaji kuthibitishwa. Dai lenyewe ni kwamba mhusika huwa na kina pale tu msomaji anapoonyeshwa jeraha lililofichika katika nafsi yake, na kwamba saikolojia ndiyo taaluma iliyokabidhiwa ufunguo wa jeraha hilo. Kwa mujibu wa dai hili, mwandishi chipukizi hushauriwa ampe mhusika wake utoto wenye dhiki, ndoto mbili tatu za kutisha, na kurasa kadhaa za kuzungumza na nafsi. Mwigizaji naye huambiwa akumbuke msiba wake mwenyewe ili machozi yamtoke jukwaani. Mhakiki huja mwisho, akambandika mhusika jina la ugonjwa, kisha akaiweka kalamu chini akiamini kwamba kazi imekwisha.

Makala haya yanalipinga dai hilo. Hayaipingi saikolojia yenyewe, kwa kuwa hakuna mwandishi wala mwigizaji awezaye kumuumba binadamu bila ya kujiuliza kwa nini binadamu hutenda atendavyo. Kinachopingwa ni saikolojia iliyogeuzwa cheti cha daktari: ile inayotaja ugonjwa na kuacha kuuliza. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kina cha mhusika hakimo katika siri ya utoto wake, bali katika umbali uliopo baina ya anachokitaka, anachokisema na anachokitenda, katika mazingira ambayo hakuyachagua. Saikolojia inayoupima umbali huo inaifaa fasihi. Saikolojia inayoufuta kwa neno moja la kitabibu inaidhuru.

Suala hili si la mapambo ya kitaaluma. Linahusu namna vijana wanavyofundishwa kuwasoma binadamu wenzao, na linahusu vilevile swali la zamani katika historia ya Kenya: ni nani anayehesabiwa kuwa na sababu, na ni nani anayehesabiwa kuwa mgonjwa tu.

Bapa, duara na kosa la darasani

Mzizi mmoja wa dai hili ni mgawanyo wa wahusika kuwa bapa na duara, uliotolewa na E. M. Forster katika mihadhara yake ya Cambridge iliyochapishwa mwaka 1927. Hakuna mwanafunzi wa fasihi asiyeujua mgawanyo huo. Wachache mno, hata hivyo, ndio wanaokumbuka kwamba Forster hakuwadharau wahusika bapa. Aliwatetea. Alikiri kwamba takriban wahusika wote wa Dickens ni bapa, na bado wanampa msomaji hisia ya kina cha ajabu cha ubinadamu. Mgawanyo ambao kwa mwanzilishi wake ulikuwa wa kueleza kazi tofauti za wahusika umegeuzwa darasani kuwa ngazi ya sifa: bapa chini, duara juu.

Aliyeumizwa zaidi na ngazi hiyo ni Shaaban Robert. Ni desturi sasa kusema kwamba wahusika wa Kusadikika (1951) na wa Utubora Mkulima (1968) hawana nafsi kwa sababu majina yao yanatangaza tabia zao. Karama ni karama na Majivuno ni majivuno, basi, yamekwisha. Lakini Karama anasimama mbele ya baraza akitetea mradi wa kuanzisha elimu ya sheria, na anautetea kwa kuwasimulia watesi wake habari za wajumbe ambao nchi hiyohiyo iliwatuma na kuwatesa waliporudi. Anajua wajumbe hao walilipwa nini, na bado anasema. Anawapiga kwa historia yao wenyewe huku shingo yake ikiwa mikononi mwao. Je, hapo hakuna saikolojia? Ipo, ila haikuandikwa kwa lugha ya ndoto na majeraha. Imeandikwa kwa lugha ya hoja, na mhakiki asiyejua kusoma hoja kama tendo la nafsi huipita bila ya kuiona.

Mzizi wa pili ni uchanganuzi-nafsi. Sigmund Freud alipoueleza ung'amuzibwete, yaani sehemu ya nafsi isiyojitambua, alifungua mlango mkubwa kwa fasihi. Mwanafunzi wake, Ernest Jones, akaupitia mlango huo mwaka 1910 kwa makala kuhusu Hamlet, ambayo hatimaye yalikua yakawa kitabu mwaka 1949. Jones alidai kwamba Hamlet anachelewa kumuua ami yake kwa sababu ami huyo ametenda kile ambacho Hamlet mwenyewe alikitamani utotoni bila ya kujijua. Ni dai lenye werevu. Ila linahitaji utoto wa Hamlet, na Shakespeare hakuuandika utoto huo. Mhakiki analazimika kuutunga, kisha akautumia utunzi wake kuifafanua tamthilia.

Hatari hii ilishaonwa mapema. Mwaka 1933 L. C. Knights aliandika makala mashuhuri yenye kichwa cha kejeli kinachouliza Lady Macbeth alikuwa na watoto wangapi. Aliyelengwa ni mkabala wa A. C. Bradley, ambaye kitabu chake cha mwaka 1904 kiliwajadili wahusika wa Shakespeare kana kwamba ni watu wenye maisha nje ya maneno yaliyoandikwa. Knights huenda alizidisha, maana mwigizaji hana budi kumfikiria mhusika kama mtu. Hata hivyo onyo lake lingali na nguvu: kisichokuwamo katika maandishi hakiwezi kuwa ndicho ufunguo wa maandishi.

Daktari wa Mathari

Kwa msomaji wa Kenya, onyo zito zaidi halitoki Uingereza wala katika tamthilia. Linatoka Nairobi. J. C. Carothers alikuwa daktari aliyeisimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari kuanzia mwaka 1938 hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alimfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata, serikali ya kikoloni ilichapisha taarifa yake kuhusu saikolojia ya Mau Mau.

Taarifa hiyo inafaa isomwe na kila mwanafunzi wa uhusika, kwa maana ni kazi ya kuumba mhusika. Mhusika mwenyewe ni Mkikuyu aliyekula kiapo. Carothers anampa historia ya nafsi: amepotewa na nguzo za utamaduni wake wa zamani, hajaufikia utamaduni mpya, anaishi katika wasiwasi, na wasiwasi huo unamfanya awe mwepesi wa kutumbukia katika ukatili. Katika usimulizi wa namna hii, mashamba yaliyotwaliwa, kipande kilichoning'inizwa shingoni na ujira wa kijungujiko husogezwa pembeni ili hali ya akili ichukue uwanja. Mtu aliyekuwa akitaka ardhi yake anakuwa mtu mwenye tatizo la kujirekebisha. Madai yake yanageuka dalili, na dalili haijibiwi, hutibiwa.

Frantz Fanon, aliyekuwa daktari wa akili katika hospitali ya Blida-Joinville nchini Algeria kuanzia mwaka 1953 hadi alipojiuzulu mwaka 1956, aliijibu fikra hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1961, kinachojulikana kwa Kiswahili kama Viumbe Waliolaaniwa. La kuzingatia ni kwamba Fanon hakuitupa saikolojia. Kitabu hichohicho kina sura nzima ya habari za wagonjwa: waliopigwa na umeme, waliowatesa wenzao, walioshindwa kulala. Tofauti yake na Carothers ni kwamba Fanon anapoufikia ugonjwa haachi kuuliza. Anauliza nani alifanya nini kwa nani, na mgonjwa huyu alikuwa akitaka nini kabla ya kuugua. Kwa Carothers nafsi ni maelezo ya mwisho. Kwa Fanon nafsi ni mahali ambapo historia inaonekana ikifanya kazi.

Kila mhakiki anayesema kwamba mhusika fulani aliasi kwa sababu alikosa mapenzi ya baba, kisha akanyamaza, anakalia kiti cha Carothers, hata kama hajawahi kulisikia jina lake.

Nafsi katika lugha ya Kiswahili

Wanaoitukuza saikolojia ya cheti huzungumza kana kwamba Kiswahili kilisubiri hadi karne ya 20 kupata maneno ya kuyaelezea mambo ya ndani. Huu ni upotovu. Lugha hii ina nafsi, moyo, roho, dhamiri na akili, na mjuzi hayachanganyi. Moyo husononeka, roho hupaa, nafsi humshawishi mtu. Turathi ya Kiislamu iliyoilea fasihi ya pwani inatambua hali tatu za nafsi zinazotajwa katika Kurani: nafsi iamrishayo maovu katika sura ya Yusuf, nafsi ijilaumuyo katika sura ya Al-Qiyama, na nafsi iliyotulia katika sura ya Al-Fajr. Hapa mna nafsi inayogombana na yenyewe, na ugomvi huo hauhesabiwi kuwa ni maradhi. Ndiyo hali ya kuwa mtu.

Ni kwa msingi huo Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, aliweza kuusimamisha moyo wake mbele yake na kuuhoji. Moyo unakaidi, mshairi anaushitaki, na ushahidi wa kesi ni magofu ya Pate: kumbi zilizokuwa na taa na sasa zina popo. Utenzi huo ni wa zamani kuliko vitabu vyote vya Freud. Haumwonyeshi mtu aliyejeruhiwa utotoni, unamwonyesha mtu anayejua ukweli na bado hautaki. Umbali baina ya kujua na kutaka ndio unaoupa kina.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa pepo. Katika ngoma za pepo za pwani na visiwani, mtu anapopandwa huitwa kiti, na fundi wa ngoma hazungumzi na kiti bali na aliyekikalia. Humuuliza jina lake nani, ametoka wapi, kimemleta nini, na anataka nini. Pepo hujibu, na hujibu kwa sauti yake na lugha yake. Hutaka nguo, pete, marashi, sinia ya vyakula, au ngoma ya siku kadhaa. Pepo wa kibuki hutaka brandi. Baada ya hapo jamaa hukaa wakajadiliana naye. Mara nyingi kiti ni mwanamke ambaye nyumbani hana kauli, na ambaye kwa siku hizo chache mume na mashemeji huketi mbele yake wakisikiliza masharti.

Haifai kuipamba desturi hiyo kuliko ilivyo, wala makala haya hayahukumu kama pepo wapo au hawapo. Jambo la kuzingatia ni mbinu. Fundi hatosheki na kusema kwamba huyu ana pepo; hilo kila aliyehudhuria analijua. Kazi yake huanza hapo: pepo huulizwa atakalo. Ambapo mhakiki wa cheti humalizia, fundi ndipo anapoanzia.

Kinjeketile na swali la atakalo

Ebrahim Hussein aliielewa mbinu hii vizuri kuliko wahakiki wake wengi. Katika Kinjeketile (1969) shujaa anapandwa na Hongo, anazama mtoni Rufiji, na anatoka na maji yatakayowaunganisha watu dhidi ya Wajerumani. Daktari wa aina ya Carothers angelikuwa na jina tayari kwa mtu wa namna hiyo. Hussein hapendezwi na jina. Anamfuatilia Kinjeketile baada ya kupandwa kumtoka, pale anapogundua kwamba maneno aliyoyasema akiwa katika hali ile yana jambo ambalo yeye mwenyewe halikubali: ahadi ya kuwa watoto wa Seyyid Said. Kumwondoa bwana mmoja ili kupata bwana mwingine! Aliyeyasema maneno ndiye wa kwanza kuyashuku.

Hapo ndipo kina cha Kinjeketile kilipo. Anataka watu waungane, na kinachowaunganisha ni imani ambayo yeye ameanza kuitilia shaka. Anataka wasubiri, lakini neno lake limekua likawa kubwa kumshinda. Mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa, kwa kuwa anajua kukanusha kwake kutawafikia watoto watakaozaliwa kama habari kwamba kupigana kwenyewe kulikuwa kosa. Mtu anakufa akilinda neno asiloliamini kikamilifu. Ni nani anayehitaji kuambiwa habari za utoto wake ili aione nafsi yake? Historia inasema Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa mwezi wa Agosti mwaka 1905. Hussein hakuongeza kisa cha ugonjwa juu ya historia hiyo. Aliongeza swali.

Rosa, Kazimoto na Fuad

Riwaya zinazotajwa mara nyingi kama ushahidi wa saikolojia ya jeraha ni za Euphrase Kezilahabi. Rosa Mistika (1971) ndiyo inayotangulia. Usomaji wa kawaida unaijua kanuni yake kwa moyo: Zakaria ni baba mkali na mlevi, anamzuia Rosa asikutane kabisa na wanaume, Rosa anakwenda chuoni bila ya kuujua ulimwengu, ulimwengu unamwangusha. Malezi yamekuwa sababu, uasherati umekuwa tokeo, kujiua kumekuwa hitimisho. Ni hesabu safi, na hesabu safi si riwaya.

Kezilahabi mwenyewe hakuridhika na hesabu hiyo. Baada ya kifo anaiendeleza riwaya hadi kwenye hukumu, ambamo Rosa na Zakaria wanashitakiana mbele ya Mungu. Kama sababu ingelikuwa malezi tu, kesi isingelikuwa na haja. Mwandishi anaiweka kesi kwa sababu anajua kwamba kumtaja baba hakulimalizi swali la binti. Msomaji anaachwa akiwa na mashitaka mawili yanayogongana, na kina cha Rosa kimo katika mgongano huo. Mhakiki anayempa Zakaria hatia yote anamnyang'anya Rosa kitu cha mwisho alichobaki nacho, yaani sehemu yake katika matendo yake.

Katika Kichwamaji (1974) mbinu ni kinyume. Kazimoto anajisimulia mwenyewe na hajifichi. Msomaji anapewa fikra zake karibu zote. Kwa kipimo cha darasani huyu ndiye duara hasa. Lakini kina chake hakitokani na wingi wa fikra hizo. Kinatokana na ukweli kwamba anamlaani Manase kwa maovu yake ilhali maradhi yaliyoufikia uzazi wa Manase yanaufikia na wake. Anamwelewa kila mtu, akiwamo yeye mwenyewe, na kuelewa hakumwokoi. Kezilahabi anaonyesha kwa ukatili kwamba mtu anaweza kuwa na maelezo kamili ya nafsi yake na bado asijue afanye nini asubuhi. Hilo ni somo chungu kwa wanaodhani kwamba kueleza ndiko kuponya.

Mohamed Suleiman Mohamed, katika Nyota ya Rehema (1976), anatoa mfano wa tatu. Fuad, mwenye mashamba, anamtilia shaka na kumtelekeza bintiye kwa kuwa rangi yake ni nyeusi kuliko alivyotarajia. Mhakiki wa cheti ataona baba asiyeweza kupenda. Lakini kutopenda huko kuna bei ya shamba ndani yake. Katika Unguja ya riwaya hiyo, rangi ndiyo hati ya kumiliki, na Fuad anapomtazama mtoto anaona swali juu ya hati yake. Wivu, aibu na hofu yake ni vya kweli, tena ni vya ndani kabisa. Ila havikuanzia ndani. Anayeitenga nafsi ya Fuad na mashamba ya Fuad hataipata nafsi wala shamba.

Machozi ya jukwaani

Kosa hilohilo limehamia jukwaani, na huko madhara yake ni makubwa zaidi kwa kuwa yanaugusa mwili wa mtu aliye hai. Konstantin Stanislavski, aliyeanzisha pamoja na Vladimir Nemirovich-Danchenko Jumba la Sanaa la Moscow mwaka 1898, aliwahi kuutilia mkazo uwezo wa mwigizaji wa kuzirejesha hisia zake za zamani. Fikra hiyo aliichota katika maandishi ya mwanasaikolojia wa Ufaransa, Théodule Ribot. Marekani ikaipokea kwa pupa, na kwa Lee Strasberg ikawa nguzo ya mafunzo. Lakini Stella Adler alipokutana na Stanislavski mjini Paris mwaka 1934, alirudi na habari tofauti: bwana huyo alikuwa ameacha kuitegemea kumbukumbu ya hisia kama msingi, na sasa alisisitiza mazingira ambamo mhusika amewekwa na matendo anayoyatenda ili apate anachokitaka. Strasberg hakuafiki, na mfarakano huo ukawagawa walimu wa uigizaji wa Marekani kwa miaka mingi.

Kilichoenea katika kumbi za mazoezi za shule na vyuo ni ile nusu ambayo mwenyewe aliisogeza kando. Mwelekezi humwambia msichana wa miaka 17 amkumbuke marehemu nyanya yake, msichana akalia, na hadhira ikapiga makofi. Lakini aliyelia ni nani? Si mhusika. Mhusika hakumjua nyanya huyo. Hadhira imeonyeshwa huzuni isiyo na anwani, na msichana amerudishwa kwenye msiba wake na mtu asiye na ujuzi wa kumtoa humo. Saikolojia iliyokusudiwa kumpa mhusika kina imemnyonya mwigizaji na kumwacha mhusika mtupu.

Mwigizaji wa Kinjeketile katika onyesho la mwisho hahitaji kutafuta uchungu wake mwenyewe. Anahitaji kujua kwamba Kitunda, ambaye vita vimemvunja moyo, anataka akanushe. Kwamba yeye anataka Kitunda aelewe kwa nini hawezi. Na kwamba muda umekwisha. Akilitaka hilo kwa dhati, sauti itafuata na macho yatafuata. Stanislavski aliliita swali la mwigizaji kwa neno ambalo Kiswahili kinalo tangu zamani: lau. Lau ningekuwa mimi, mahali hapa, saa hii, nikikabiliana na mtu huyu, ningefanya nini? Lau haimwombi mwigizaji aufukue utoto wake. Inamwomba aingie katika hali ya mwenzake, na hiyo ndiyo adabu ya kwanza ya sanaa.

Hussein alitoa na onyo lake. Mashetani (1971) inaanza na vijana wawili wanaoigiza, mmoja akiwa Shetani na mwingine Binadamu. Maigizo yanakwisha, lakini kwa Kitaru hayakwishi. Yanamwandama hadi nyumbani. Ni rahisi kusema Kitaru ameugua. Ugumu, na utamu wa tamthilia, umo katika kuuliza kwa nini mchezo umemshika yeye kwa namna ile, yeye ambaye ukoo wake unapanda, ilhali ukoo wa Juma umeporomoka kwa Mapinduzi ya mwaka 1964. Shetani wa Kitaru anataka kitu, na kitu hicho hakimo kichwani mwa Kitaru peke yake.

Pingamizi mbili

Kuna watakaosema kwamba hoja hii inawarudisha wahakiki kwenye miaka ya 1970 na 1980, enzi ambapo kila mhusika alikuwa mwakilishi wa tabaka, na mtu kuwa na huzuni ya binafsi kulihesabiwa karibu kuwa kosa la kisiasa. Pingamizi hiyo ina uzito. Uhakiki wa kitabaka uliwatendea wahusika ubaya wake: ulimfanya mhusika awe tabaka lenye miguu. Lakini uhakiki wa cheti umemfanya awe ugonjwa wenye miguu. Pande zote mbili zinajua jibu kabla ya kukifungua kitabu. Kuukimbia mtego mmoja si ruhusa ya kutumbukia katika wa pili.

Wengine watasema kwamba mwandishi wa leo hawezi kuandika juu ya vita, ubakaji au uhamisho wa nguvu bila ya kujua yale ambayo taaluma ya saikolojia imegundua kuhusu kumbukumbu, hofu na usingizi wa walionusurika. Hilo ni kweli tupu, na halipingwi. Mwandishi na asome, tena asome sana. Ila asome kama seremala anayejifunza sifa za mti, si kama karani anayenakili fomu. Akijua kwamba aliyenusurika huweza kusimulia tukio kwa vipande visivyofuatana, ujuzi huo umsaidie kuipanga sauti ya mhusika, kuchagua anachokiruka na anachokirudia. Usimsukume kumwandika daktari ukurasa wa 200 ili amweleze msomaji kile ambacho sauti hiyo ilipaswa kukionyesha.

Hitimisho

Kama hoja hizi zina mashiko, basi kuna mambo ambayo hayana budi kubadilika. Swali la mtihani linalotaka orodha ya sifa za mhusika, pamoja na miongozo inayomjibia mwanafunzi kwa vivumishi kumi, lipishe maswali mengine: mhusika huyu anataka nini, kutoka kwa nani, kwa nini sasa, nani anamzuia, na ni jambo gani analijua lakini hawezi kulisema? Tasnifu zinazotumia nadharia za kisaikolojia zitakiwe kuonyesha nadharia imefichua nini katika maandishi ambacho kisingeonekana bila yake. Kama imetoa jina tu, hiyo ni tafsiri ya istilahi, si uhakiki. Na mwelekezi wa tamthilia ayaache makaburi ya ukoo wa mwigizaji mahali pake.

Fasihi ya Kiswahili haikuwahi kukosa nafsi. Ilichokosa katika miongo ya karibuni ni wasomaji wenye subira ya kuihoji. Jina la ugonjwa hutamkwa kwa pumzi moja. Matakwa ya mtu huchukua kitabu kizima kuyajua, na pengine kitabu kinakwisha hayajajulikana yote. Mhakiki asiyekuwa na muda huo bora asimwite mhusika yeyote bapa, maana huenda ubapa anaouona ni wa jicho lake mwenyewe.